Kashe ya pakeji ipo, lakini ujenzi bado unakokota

Unapoweka `apt-cacher-ng`, kashe ya kuhifadhi pakeji za Debian na Ubuntu, kwenye seva ya chumba cha kompyuta, unachotaka ni kimoja: pakeji iingie kutoka kwenye intaneti mara moja, halafu mashine nyengine zote ziichote humo humo ndani. Kwa skuli ya Chake Chake yenye mashine kumi na tano na rauta inayoendeshwa kwa bando, hilo si dogo. Imeji ya Debian (mfumo mzima unaojengwa mara moja, tayari kuwekwa kwenye mashine) yenye GNOME na LibreOffice hufika GB nzima bila taabu. Zidisha mara kumi na tano, kisha mtafute wa kulipa.

Kashe hii ina tabia moja mbaya. Ombi lisipopita kwake, hakuna anayekwambia. `apt`, programu ya kusaniki pakeji, isiyojua proksi yoyote (mpatanishi wa kupitishia maombi) inakwenda zake nje moja kwa moja, pakeji zinasanikika vizuri, na dalili pekee ni bando kuisha kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana malalamiko mengi ya "kashe mbovu" ni ya kashe nzima kabisa ambayo haikuulizwa kitu.

Hapa nachukulia kuwa seva ni Debian 12 (`bookworm`) au Ubuntu 24.04, ina IP 192.168.10.5, na kashe inasikiliza kwenye porti yake ya kawaida, 3142. Kila mashine ina faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` lenye mstari huu:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.10.5:3142";
```

## Anza na logi, si na rauta

Kabla hujamlaumu mtu wa mtandao, kaa kwenye seva ufungue logi:

```
tail -f /var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.log
```

Kila mstari una sehemu zilizotengwa kwa `|`: wakati, herufi, ukubwa kwa baiti, IP ya mashine iliyoomba, na njia ya faili. Herufi ndiyo habari yenyewe. `I` ni data iliyoingia kutoka nje, yaani bando limeliwa. `O` ni data iliyotoka kwenye kashe kwenda kwa mashine. Pakeji mpya huandikiwa `I` na `O`. Pakeji iliyokwishahifadhiwa huandikiwa `O` peke yake. Kwa hiyo mambo yakiwa sawa, ujenzi wa pili unatakiwa uoneshe `O` tupu, ukiacha faili ndogo ndogo za orodha ambazo lazima zikaulizwe nje kama zimebadilika.

Logi ikikaa kimya wakati mashine inasaniki, usikimbilie kuhukumu. Programu hii hukusanya mistari kabla ya kuiandika. Weka `UnbufferLogs: 1` kwenye `/etc/apt-cacher-ng/acng.conf`, anzisha huduma upya, kisha tizama tena. Ikiendelea kuwa kimya, sasa una jibu: ombi halifiki.

## Dalili: ujenzi wa pili ni mzito kama wa kwanza

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, na ina vyanzo kadhaa ambavyo kwa nje vinafanana.

Cha kwanza ni `sudo`. Mtu anaandika `export http_proxy=http://127.0.0.1:3142`, halafu anaendesha `sudo debootstrap`, amri inayojenga mfumo wa msingi wa imeji. Kwa mpangilio wa kawaida, `sudo` inafuta vigezo vya mazingira vya mtumiaji, na `http_proxy` kinafutika navyo. `debootstrap` inatumia `wget`, nayo isipokiona kigezo hicho inakwenda nje bila kusema neno. Kiandike kigezo ndani ya amri yenyewe:

```
sudo env http_proxy=http://127.0.0.1:3142 \
  debootstrap bookworm /srv/imeji http://deb.debian.org/debian
```

Cha pili kinajificha zaidi. Tuseme hilo la kwanza umelirekebisha. Unaanza ujenzi, unatizama logi, mistari ya `O` inateremka kama inavyotakiwa: `libc6`, `bash`, `coreutils`, `apt`. Unafurahi, unakwenda kuswali. Unarudi, ujenzi uko kwenye LibreOffice na unakokota, na ukitizama logi unaona mstari wa mwisho ni wa nusu saa iliyopita. Kilichotokea ni kwamba `debootstrap` imemaliza mfumo wa msingi, kisha skripti yako imeingia ndani kwa `chroot` na kuita `apt-get install`. `apt` ya ndani inasoma `/etc/apt` ya ndani, na humo hakuna `00proxy`. Pakeji ndogo za msingi zimepita kwenye kashe; zile nzito, ambazo ndizo zilizokufanya uiweke kashe, zimepita nje. Nakili faili la proksi ndani ya `/srv/imeji/etc/apt/apt.conf.d/` kabla ya hatua hiyo, kisha hakikisha kwa kuuliza mwenyewe:

```
sudo chroot /srv/imeji apt-config dump | grep -i proxy
```

Pasipotoka kitu, hakuna proksi, hata kama unaapa kwamba uliiweka. Wanaotumia `mmdebstrap` wapitishe `--aptopt`, na wanaotumia `live-build` wana `--apt-http-proxy` kwenye `lb config`.

Cha tatu ni kontena. Kwenye Docker, 127.0.0.1 ni kontena lenyewe na si seva yako. Kwa mtandao wake wa kawaida, kompyuta mwenyeji huonekana kwa 172.17.0.1:

```
docker build --build-arg http_proxy=http://172.17.0.1:3142 .
```

Uzuri wa njia hii ni kwamba anwani haibaki ndani ya imeji. Ubaya wake ni kwamba kila programu inayoheshimu `http_proxy` itajaribu kupita hapo, pamoja na `curl` inayotafuta kitu kisicho pakeji, na kashe itaikatalia. Hapo ni bora kuandika faili la `apt` peke yake ndani ya Dockerfile na kulifuta katika hatua hiyo hiyo.

Halafu kuna mambo ambayo si kosa la mtu. Raspberry Pi ya arm64 haiwezi kula pakeji za amd64, kwani prosesa zao ni za aina mbili. Zitashirikiana tu zile ambazo majina yake yanaishia `_all.deb`. Vivyo hivyo Debian 12 na Ubuntu 24.04 kila moja ina zake. Chumba chenye mchanganyiko kitalipa gharama ya kwanza mara kadhaa. Ushauri wangu ni kuchagua toleo moja kwa chumba kizima, hata kama kuna mtu anaipenda sana ya kwake.

Na hakikisha mashine zote zinataja repo (ghala la pakeji kwenye intaneti) kwa jina moja. Kashe inajua mirror nyingi (nakala za ghala hilo) za Debian na Ubuntu na kuzihesabu kama kitu kimoja, lakini ikikutana na jina isilolijua inafungua folda mpya na kuanza kupakua upya. Ukiingia `/var/cache/apt-cacher-ng` ukakuta folda mbili zenye pakeji zile zile, chanzo ndicho hicho.

## Dalili: `403 CONNECT denied`

Repo yako inaanza na `https`. `apt` isipopewa proksi maalumu ya https huchukua ile ya http, na kashe kwa kawaida hairuhusu njia iliyofungwa ambayo haiwezi kuona ndani yake.

Una njia tatu. Unaweza kuiambia `apt` iache https ipite nje yenyewe:

```
Acquire::https::Proxy "DIRECT";
```

Unaweza kuruhusu kwenye seva kwa `PassThroughPattern: ^.*:443$`. Kwa njia hizi mbili kosa linaondoka, lakini hakuna kinachohifadhiwa, na bando linaliwa kama zamani. Ya tatu ndiyo inayohifadhi: badilisha anwani ya repo iwe `http://HTTPS///download.docker.com/linux/debian`. Ndiyo, mikwaju mitatu. Mashine inazungumza na kashe kwa http, na kashe yenyewe inatoka nje kwa https.

Wapo wanaoogopa http wakidhani mtu ataingiza pakeji ya uongo katikati. Usalama wa `apt` hautegemei https. Faili la `InRelease` limetiwa saini, linabeba alama za SHA256 za orodha, na orodha zinabeba alama za kila pakeji. Ikibadilishwa baiti moja njiani, `apt` inakataa.

## Dalili: `Connection refused`, au inasubiri mpaka inachoka

Kukataliwa papo hapo maana yake mashine imefika kwenye seva lakini hakuna anayesikiliza porti hiyo. Angalia `systemctl status apt-cacher-ng` na `ss -ltn`. Kusubiri bila jibu kuna maana nyengine: ukuta wa moto (`sudo ufw allow 3142/tcp`), au seva imepewa IP mpya na rauta baada ya kuzimwa. Ifungie seva IP yake kwenye rauta, umalize.

Kuna rauta za Wi-Fi zinazozuia vifaa visionane, hasa kwenye mtandao wa wageni. Laptopu inapata intaneti vizuri lakini seva haiioni. Jaribu kwa kivinjari: `http://192.168.10.5:3142/`. Ukikutana na ukurasa unaosema `Not Found or APT Reconfiguration Required`, usishtuke. Huo ni ukurasa wa kashe yenyewe, na maana yake njia iko wazi.

## Dalili: umeme umerudi, kashe imesahau kila kitu

Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, na unapokatika mashine zote hulala na kuamka pamoja. Hapo ndipo diski ya nje ya USB inapoleta balaa lake. Umeihamishia kashe kwenye `/srv/kashe`, diski inachelewa kuamka, huduma inaanza kabla yake, inakuta folda tupu na kuanza kuandika humo. Diski ikija kupachikwa baadaye, inaweza kukaa juu ya kile kilichoandikwa. Isipopachikwa kabisa, kila pakeji inaanza kupakuliwa upya na diski ya ndani inajaa.

`findmnt /srv/kashe` itakwambia kama diski ipo pahala pake. Dawa ni kuilazimisha huduma isubiri. Endesha `sudo systemctl edit apt-cacher-ng` uandike:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/kashe
```

Diski iwe ya ext4. Zile zinazokuja dukani mara nyingi zimekwishatengenezwa kwa exFAT, na exFAT haijui mwenye faili ni nani, wakati kashe inaendeshwa na mtumiaji wake aitwaye `apt-cacher-ng` na anatakiwa awe na haki ya kuandika. Ukinakili faili kwa root, malizia na `chown -R apt-cacher-ng:apt-cacher-ng /srv/kashe`.

## Dalili: `Hash Sum mismatch`

Kosa hili ndilo linalowafanya watu wafute kashe nzima kwa `rm -rf`. Usifanye hivyo. Unatupa GB kadhaa zisizo na kosa kwa ajili ya faili moja.

Kwanza tenganisha kosa ni la nani. Kwenye mashine inayolalamika:

```
sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt-get -o Acquire::http::Proxy=DIRECT update
```

Ikipita salama bila kashe, basi kashe imeshika faili bovu. Ikikataa hata bila kashe, ama repo ya nje iko katikati ya kubadilishwa (subiri saa moja au mbili), ama kuna kitu njiani kinachokupa nakala ya zamani. Katika hali hiyo ya pili, jaribu kwa mtandao mwengine, hata wa simu, kwa dakika tano tu.

Kosa likiwa ni la kashe, litafute faili lenyewe. `apt` huwa imelitaja jina lake. Kama ni pakeji:

```
sudo find /var/cache/apt-cacher-ng -name 'libreoffice-core*'
```

Futa hilo pamoja na mwenzake mwenye jina lile lile linaloishia `.head`. Kama ni orodha na si pakeji, futa folda ya `dists` ya toleo hilo tu, mfano `debrep/dists/bookworm`, na uiache `pool`, folda ya pakeji zenyewe, kama ilivyo. Orodha ni nyepesi kuzirudisha. Mzigo wote uko `pool`.

Chanzo kikubwa ni umeme kukatika wakati data iko kwenye RAM na haijafika kwenye diski. UPS (betri ya akiba) ndogo kwa seva na rauta inaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, na mimi ningenunua hiyo kabla ya kununua diski kubwa zaidi.

## Dalili: `Release file … is not valid yet`

Saa. Hakuna chengine. Raspberry Pi mpaka ya 4 haina saa inayotembea umeme ukizimwa, na kompyuta kuukuu yenye betri ya CR2032 iliyokufa hurudi nyuma miaka. Faili la leo kwao ni la kesho. Angalia `timedatectl`. Kwa chumba kisicho na intaneti ya uhakika, weka `chrony` kwenye seva ile ile ya kashe, na mistari `allow 192.168.10.0/24` na `local stratum 10`, ili mashine ziulize saa hapo hapo.

Ikisema kinyume chake, kwamba faili limekwisha muda, mara nyingi unajenga bila intaneti kwa orodha za zamani. Hapo weka `Offlinemode: 1` kwenye kashe ili isijaribu kutoka nje, na kwa ujenzi huo peke yake ongeza `-o Acquire::Check-Valid-Until=false`. Saini bado inakaguliwa. Usiiache hali hiyo ndani ya imeji, kwani mashine itakaa na orodha chakavu bila kulalamika.

## Dalili: `404 Not Found` kwa pakeji iliyokuwepo jana

Orodha ya mashine inataja toleo ambalo repo imekwishaliondoa. `apt-get update` inatosha. Kwenye Docker, tazama kama `update` na `install` ziko kwenye mistari miwili ya `RUN`: ule wa kwanza Docker inauchukua kutoka kwenye akiba yake bila kuuendesha, na unabaki na orodha ya mwezi uliopita. Ziunganishe kwa `&&`.

## Dalili: imeji inafanya kazi Chake Chake, inakwama Wete

Simu yenyewe huwa hivi.

"Assalaam aleikum, ustadh. Zile mashine mlizotuletea hazitaki kuapdeti."

"Waaleikum salaam, mwalimu. Zinaandika nini?"

"Zinaandika `Connecting to 192.168.10.5`, halafu ndio basi. Tumekaa nazo tangu asubuhi. Na intaneti ipo, watoto wanaperuzi."

Intaneti ipo kweli. Kisichokuwepo ni seva ya Chake Chake. Imeji imesafiri na `00proxy` ndani yake. Au mbaya zaidi, iliyojengwa kwa kuandika `http://127.0.0.1:3142/deb.debian.org/debian` kama mirror ya `debootstrap` imesafiri na anwani hiyo ndani ya `sources.list`, na kila mashine inajiuliza yenyewe.

Dawa ya haraka kwa mwalimu ni kufuta faili hilo. Dawa ya fundi ni kuufanya ufutaji uwe hatua ya mwisho ya skripti ya ujenzi, kabla imeji haijafungwa, na kuikagua kwa `grep -r 3142 /srv/imeji/etc/apt`. Kwa laptopu zinazozunguka baina ya skuli, ondoa anwani isiyobadilika na uweke skripti ya kuchagua:

```
#!/bin/sh
if nc -z -w1 192.168.10.5 3142; then
  echo http://192.168.10.5:3142
else
  echo DIRECT
fi
```

Ipe `chmod 755`, kisha itaje kwa `Acquire::http::Proxy-Auto-Detect "/usr/local/bin/tafuta-kashe";`. Kuna pakeji iitwayo `auto-apt-proxy` inayofanya kazi kama hii bila wewe kuandika kitu, nayo ni nzuri. Mimi napenda skripti kwa sababu mwalimu akisomewa kwenye simu anaielewa.

## Dalili: umeleta pakeji kwa diski, kashe haizioni

Fundi wa Unguja anapakua kwenye mtandao mzuri, anamkabidhi mtu diski, boti inaitia Mkoani. Hapana ubaya, ni njia ya haraka kuliko bando. Lakini kuzimwaga faili za `.deb` ndani ya `pool` kwa mkono hakusaidii, kwa sababu kashe haina kumbukumbu zake. Ziweke kwenye folda ya `_import` ndani ya kashe, fungua `http://192.168.10.5:3142/acng-report.html`, ubonyeze `Start Import`.

Ikikujibu kwamba haikupata kitu cha kuingiza, orodha ndiyo inayokosekana. Kashe inazitambua pakeji kwa kulinganisha alama zao na orodha ilizonazo, kwa hiyo lazima mashine moja ifanye `apt-get update` kupitia kashe kwanza, ikiwa na repo na toleo lile lile lililotumika Unguja. Hakikisha pia kwamba aliyepakua huko alitumia `apt-get` na si `apt`. `apt` hufuta `.deb` zake baada ya kusaniki, na diski inaweza kuvuka bahari ikiwa tupu. Zinazobaki ndani ya `_import` baada ya kazi kwisha ni zile ambazo hazikulingana na orodha yoyote. Zifute.